Ada kwa Mafungu

Ukitaja shule ya binafsi Dar es Salaam ya leo, mtu anaona basi la njano, geti lenye mlinzi, na mtoto wa miaka minne anayemsahihisha bibi yake Kiingereza. Sina ugomvi na hayo, ila yamekuja juzi tu. Shule ya binafsi ya kutwa niliyoifanyia kazi mimi, katikati ya Kariakoo, haikuwa na basi wala geti, na mlinzi wake alikuwa muuza kahawa aliyekuwa akikaa kwenye baraza ile kabla shule haijahamia. Nilikuwa karani wa ada. Wanafunzi waliniita Mama Risiti, na watu wazima wenye mvi bado wananiita hivyo kwa sauti Mtaa wa Msimbazi, mbele ya wajukuu zangu.

Jina la shule nitaliacha. Wenyewe wapo, na mambo yao ya kifamilia hayajaisha. Nitakalosimulia ni lile nililolisoma kwenye madaftari ya ada, ambayo nimekaa nayo kuliko mwalimu yeyote alivyokaa na chaki pale: watu wa sokoni hapa wamekuwa wakijinunulia shule tangu enzi za Mwingereza, kila mara mlango wa serikali ulipokuwa mwembamba, na wameinunua kwa mwendo wa soko, leo ipo, kesho haipo, Mungu akipenda Ijumaa.

Mtaa wenyewe haukupimwa kwa ajili ya wasomi. Wajerumani waliuchora kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia ili Waafrika wakae upande wao, mbali na Uzunguni na Uhindini, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi katikati. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, waliweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na jina likabaki. Banda la soko walilolianza Wajerumani likaja kutumika kama soko kweli miaka ya 1920. Waliojenga nyumba kuzunguka soko hilo walikuwa Wazaramo, Wamanyema, Wanyamwezi, Wayao, askari wa zamani wa pande zote mbili za vita, makuli wa bandarini na makarani wa reli. Wengi mno walikuwa Waislamu, na watoto wao walisoma Kurani barazani kwa mwalimu, wakiwa na mbao zao na wino.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika Mashariki kuangalia elimu ya Mwafrika. Mwaka uliofuata ukafanyika mkutano wa elimu hapa Dar es Salaam, na mwaka 1927 ikatoka sheria. Shule isiyo ya serikali itapewa ruzuku, mradi ifuate mtaala na ikubali kukaguliwa. Kwenye karatasi sheria haikumbagua mtu. Lakini nani alikuwa na majengo, walimu wenye vyeti, na Mzungu wa kuandika ripoti ya mwaka? Misheni. Mwalimu wa barazani, ambaye malipo yake yalikuwa senti chache na sahani ya wali siku ya khitma, hakuwa na cha kumwonyesha mkaguzi. Kwa hiyo mzazi wa Kariakoo alibaki na shule ya serikali yenye nafasi za kuhesabika, au misheni, ambako alihofia mtoto atarudi na jina jingine.

Hapo ndipo anapoingia Kleist Sykes. Baba yake, Sykes Mbuwane, alitoka Inhambane, Msumbiji, katika jeshi alilolikusanya Mjerumani Hermann von Wissmann. Kleist mwenyewe alizaliwa Pangani mwaka 1894, akasoma shule ya Wajerumani, akapigana vita upande wa Wajerumani, chini ya von Lettow-Vorbeck, kisha akawa karani wa reli chini ya Waingereza. Mwaka 1929 alikuwa mmoja wa waasisi wa African Association, yeye akiwa katibu na Cecil Matola, mwalimu, akiwa rais. Jumba la chama hicho lilijengwa New Street, ambayo sasa ni Lumumba. Mwaka 1933 Kleist na wenzake, akina Mzee bin Sudi, wakaunda chama kingine, Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, na kazi yake kubwa ikawa shule. Waliijenga pale New Street ilipokutana na Mtaa wa Stanley, nayo ikafundisha Kurani pamoja na hesabu na kusoma chini ya paa moja. Mjini ikajulikana kama Muslim School.

Hiyo, kwa hesabu yangu, ndiyo baba wa shule zote za binafsi za kutwa za Kariakoo. Haikujengwa na tajiri. Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba mumewe, mchukuzi wa bandarini, alitoa mchango wake kwa mafungu, na kila fungu aliambiwa na mkewe kwamba watoto hawatakula matofali. Bibi alisimulia jambo hilo kwa hasira mpaka uzeeni. Katika hadithi za uanzishwaji wa shule huwa tunamsikia aliyechanga, ni nadra kumsikia aliyebaki jikoni akigawa kilichobaki.

Angalia pia mahali penyewe. Kutoka kwenye shule hiyo mpaka jumba la African Association ni mwendo wa kobazi. Ndani ya jumba hilo ndiko chama cha TANU kilikozaliwa Julai 7, 1954. Na miaka hiyo hiyo mkuu wa soko la Kariakoo alikuwa Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist. Shule, chama na soko vilikuwa ndani ya mitaa michache, na mara nyingi mikononi mwa watu wale wale. Maisha ya Kleist yameandikwa vizuri na mjukuu wake, Aisha Daisy Sykes Buruku, katika kitabu cha Modern Tanzanians alichokihariri John Iliffe mwaka 1973. Mtaa wa Kipata alikokuwa akiishi Kleist sasa una jina lake, ingawa vijana wanaouza soli za viatu pale hawana habari naye.

Ng'ambo ya Mnazi Mmoja Wahindi walikuwa wanafanya yale yale, ila kwa fedha ndefu zaidi. Serikali ya kikoloni iliigawa elimu kwa rangi, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, mpaka Januari 1962. Kila jamii ilijichangia. Waismailia walikuwa na shule za Aga Khan, Wagoa na Wakatoliki wengine walikuwa na watawa wa St. Joseph's kando ya bahari. Dukawala wa Kichwele, barabara ambayo baadaye ikaitwa Uhuru, alifunga duka saa ya chakula akijua kwamba kitambaa alichouza asubuhi ndicho ada ya mtoto. Mwandishi M. G. Vassanji amekulia huko, mama yake akiwa na duka, na mwaka 1991 akatoa kitabu cha hadithi kiitwacho Uhuru Street. Nilipokisoma nilishangaa jinsi hofu ya ada ilivyo moja pande zote mbili za Mnazi Mmoja. Sisi tuliamini Mhindi halali njaa wala hadaiwi.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, na shule hizo zikachukuliwa na serikali. Aga Khan ya wavulana ikawa Tambaza. St. Joseph's ikawa Forodhani, na ilirudi kwa Wakatoliki miaka mingi baadaye. Najua wapo wanaolia hadi leo kwa jambo hilo. Mimi silii. Jirani yetu, mtoto wa mama muuza vitumbua, aliingia Tambaza bila kulipa ada, kwa sababu ada za sekondari zilikuwa zimefutwa tangu 1964, na akatoka huko mhandisi. Kabla ya hapo geti lile alikuwa akilipita tu akienda Muhimbili kutibiwa.

Tatizo lilikuwa hesabu. Azimio la Musoma la 1974 liliamua kila mtoto aende shule ya msingi, na kufikia 1977 madarasa yalifurika, wengine wakisoma asubuhi na wengine mchana kwenye madawati yale yale. Sekondari hazikuongezeka hivyo. Watoto walimaliza darasa la saba kwa maelfu na serikali ikachukua wachache mno katika kila mia. Aliyebaki alikuwa na umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, anajua kusoma, na hana pa kwenda. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya Nguvu Kazi, mtu asiye na kazi ya kueleweka akipandishwa gari na kupelekwa shamba. Mzazi wa Kariakoo alimtazama kijana wake aliyekaa barazani akaona mambo mawili: mtoto hana shule, na mtoto anaweza kukamatwa. Sare ya shule ilikuwa kinga kuliko kitambulisho.

Ndiyo maana miaka ile ya 1980 sekondari za binafsi zilichipuka nchi nzima, za Jumuiya ya Wazazi, za makanisa, za misikiti, za watu binafsi, hata zikaipita serikali kwa idadi. Yetu ilikuwa moja ya hizo, na katika hizo ilikuwa ya chini.

Ilianzia kwenye nyumba ya Kiswahili. Asiyeijua nyumba hiyo aelewe: vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, korido katikati, baraza mbele, ua nyuma. Mwenye shule alikuwa mwalimu mstaafu, na fedha za kuanzia zilitoka kwa ndugu yake aliyekuwa akileta vitunguu kwa lori. Vyumba vinne vikawa kidato cha kwanza hadi cha nne, kimoja stoo na walimu, na cha sita, chenye dirisha la barabarani, kikawa ofisi. Mimi nilikaa kwenye dirisha hilo. Madawati yalitoka kwa fundi seremala wa Keko aliyekuwa na mabinti wawili kidato cha kwanza. Aliyatengeneza kwa makubaliano, ada ya mabinti ikakatwa humo mpaka wakamaliza. Kwenye daftari nimeandika "imelipwa kwa mbao", na mkaguzi wa hesabu mmoja alinisumbua sana kwa maneno hayo.

Mkuu wa shule alinipa daftari lenye safu tatu, moja kwa kila muhula. Mtu wa Kariakoo hakulipa kwa muhula. Karani wa wizara ndiye aliyelipa kwa muhula, au hakulipa kabisa. Mshahara wake ulikuwa na wenyewe kabla haujafika. Mchuuzi alilipa kila alipouza. Ikabidi nichore safu zangu mwenyewe, na baada ya muda nikaweza kusoma kalenda ya soko kwenye ada. Mafundi cherehani wa kwenye vibaraza walilipa vizuri Ramadhani, nguo za Idi zikiwa mezani, na baada ya Idi huwaoni. Wauza machungwa walilipa katikati ya mwaka, mzigo wa Muheza ukiingia. Masika iliwaua watu wa nyanya na mboga, malori yakikwama na bidhaa zikioza shimoni, kule chini ya soko jipya lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975. Januari ilikuwa mbaya kwa wote. Mama ntilie peke yao hawakuwa na msimu. Walileta kidogo kila Ijumaa, mwaka mzima, na wao ndio waliokuwa na madeni machache kuliko wote.

Mwanamke wa dagaa ndiye ninayemkumbuka zaidi dirishani. Alifika saa tano, biashara ya asubuhi ikiwa imepoa, akafungua pindo la khanga, akatoa noti zilizokunjwa mpaka zikawa vijiti. Alizinyoosha moja moja juu ya kizingiti cha dirisha, akizibana kwa kiganja kwa sababu ya upepo wa barabarani, mimi nikihesabu naye kwa sauti. Zilikuwa na unyevu na magamba. Nikaziweka dirishani chini ya jiwe zikauke kabla ya kuziingiza kwenye sanduku, maana ukizifungia mbichi droo nzima inanuka mpaka Jumatatu. Nikaweka kaboni, nikaandika, nikampa karatasi ya juu. Hakujua kusoma. Aliishika risiti juu chini, akautazama muhuri, akauliza, "Mwanangu, hapo pameandikwa jina lake?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akaikunja, ikaingia pale pale zilipotoka noti. Mtoto wake alipita kidato cha nne na daraja la tatu, ambalo kwetu lilikuwa jambo la pilau.

Kulikuwa na upande mchungu. Jumatatu ya kwanza ya mwezi mkuu aliagiza wadaiwa warudishwe nyumbani. Majina nilisoma mimi, pale barazani. Mtoto aliyerudishwa hakwenda nyumbani, alikwenda mezani kwa mama yake sokoni, na mama akaulizwa na wateja kwa nini mtoto yuko hapa saa hizi. Baadaye nikaanza kuwaandikia wazazi vikaratasi siku ya Alhamisi, na muuza kahawa wetu, aliyejua meza ya kila mtu, akavipeleka na dele lake. Makusanyo yaliongezeka. Mkuu hakuwahi kuniuliza kwa nini.

Maisha ya shule yalikwenda hivi. Namba ilipigwa barabarani, kwa sababu ua haukutosha, na ilipigwa mapema kabla mikokoteni haijaanza kushuka. Wimbo wa Taifa uliimbwa hapo hapo lamini, na mchukuzi aliyekuwa anapita na gunia kichwani alisimama wima nalo, maskini, mpaka tumalize. Wengine walituomba tuimbe haraka. Aliyechelewa alichota maji. Mgongoni mwa kidato cha pili palikuwa na duka la kanda za muziki, na mwalimu wa fizikia alikuwa akisema anajua saa kwa taarabu inayopigwa. Mwalimu wa biashara hakuwa na shida ya mifano. Alipofundisha faida ghafi na faida halisi, nusu ya darasa walikuwa wameshazikokotoa kichwani tangu utotoni, kwa sababu mchana walikaa kwenye meza za mama zao. Waliomsumbua ni watoto wa makarani.

Mapumziko yalikuwa ya mihogo ya kukaanga na pilipili, kachori, bagia, na barafu za ukwaju kwenye vifuko. Vyote viliuzwa na wazazi wa wanafunzi, na mmoja wao aliwahi kuniambia anarudishiwa ada yake kwa kachori. Siku ya michezo tulivuka Lumumba kwenda Mnazi Mmoja. Eneo lililoachwa wazi ili Mwafrika asisogelee mjini, sisi tulilitumia kama kiwanja chetu, pamoja na kila shule nyingine iliyokosa kiwanja. Zilipokutana Simba na Yanga hakukuwa na masomo ya maana wiki hiyo. Simba ina jumba lake Msimbazi, Yanga lake liko Jangwani, na shule yetu ilikuwa katikati. Mwalimu wa nidhamu alipiga marufuku kitambaa chochote chekundu, cha kijani au cha njano. Wakaanza kuja na kalamu.

Maabara hatukuwa nayo. Kemia ilisomwa kwa kuchora ubaoni, na wanafunzi wetu walikaa mtihani ule mbadala wa vitendo, uliokuwa ukikuuliza ungeona rangi gani kama ungekuwa umechanganya. Walimu wengi walikuwa wa muda. Asubuhi walifundisha serikalini, mchana walikuja kwetu na vumbi la chaki ya serikali mikononi, na nilikuwa nawalipa kwa kipindi. Mwaka 1992, umeme ulipokuwa wa mgao, kidato cha nne waliweka kambi shuleni kwa chemli, wasichana chumba hiki na wavulana kile, mama mmoja wa mchicha akilala koridoni katikati yao kwa kujitolea. Hakuna aliyemvuka.

Watu wa mjini walituita shule ya uchochoroni. Walisema tunauza matumaini kwa waliofeli. Matokeo yetu hayakuwa ya kujivunia, nami niliyaona yakibandikwa: daraja la nne kwa wingi, sifuri si haba. Mwenye shule naye hakuwa malaika. Kuna miezi walimu walipewa nusu mshahara na tukaambiwa vitunguu vimeoza. Lakini nimeona wakosoaji wetu wengi watoto wao wakiwa sekondari za serikali, Azania na Jangwani. Kijana aliyetoka kwetu na daraja la nne aliweza kuwa polisi, mwalimu wa msingi, karani wa forodha, nesi. Bila hiyo miaka minne angekuwa anasukuma mkokoteni, na wapo waliorudi kuusukuma wakiwa na cheti, sikatai.

Halafu ardhi ikapanda. Kuanzia miaka ya 1990 nyumba za Kiswahili zilianza kubomolewa moja moja, magorofa yakapanda, na fremu moja ya duka ikaleta kwa mwezi kuliko darasa zima kwa muhula. Sera ya elimu ya 1995 iliwafungulia milango wawekezaji, na fedha zikaenda kwenye shule za msingi za Kiingereza huko pembeni, penye nafasi ya basi kugeuza. Shule yetu ikahamia ghorofani, kisha nyuma ya ghorofa, kisha nje ya mji. Penye ofisi yangu pana duka la mapazia.

Wengi hulaumu magorofa. Mimi nasema kilichotumaliza ni shule za kata. Zilipoanza kujengwa kwa wingi baada ya 2006, nafasi ya kidato cha kwanza ikawepo kwa karibu kila aliyefaulu, ada ya kutwa serikalini ikiwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na kuanzia Januari 2016 hata hiyo ikafutwa. Nani angeleta noti zake za dagaa dirishani kwangu? Dirisha lile liliwekwa kwa sababu ya mlango uliofungwa, na mlango umefunguliwa. Ubora wa ndani ni habari nyingine, na walimu wa kata wanaijua kuliko mimi.

Siku hizi wenye meza Kariakoo wakiwa na uwezo wanawapeleka watoto Mbagala, Chanika au Kibaha, basi linapita alfajiri, na ada inalipwa kwa simu. Mama mmoja wa shimoni, aliyemsomesha binti yake kwetu, sasa anamsomesha mjukuu kwa njia hiyo. Aliniambia amepunguziwa foleni, ila safari hii alipokwama hakupata wa kumwomba. Ujumbe ulimwambia salio halitoshi, akaujibu kwa sauti, pale pale sokoni, na simu haikumsikia.

Shule ilipohama niliambiwa madaftari ya ada yachomwe, yanajaza stoo. Nikayachukua. Yako kwangu kwenye kreti za soda, na mchwa wamegusa mawili tu. Bei ya dagaa, mwezi wa nyanya kuoza, nani alilipa kwa mbao na nani kwa mchele, vyote vimo kwa mkono wangu. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Mlimani, wakitaka kuyasoma waje na glavu, chai ipo. Kurasa za madeni nimezishona kwa uzi, na hizo hawazifungui. Wadaiwa wengine ni waheshimiwa sasa, na mama zao walikuwa wateja wangu wazuri.